Kinu cha bibi gorofa ya nne

Mmeuliza wiki hii: je, majumba ya kisasa yanamfanya mtu wa mji awe mpweke? Mie nimekulia Michenzani, Unguja, na swali hili limenigusa khasa, ila kwangu suala sio upweke, suala ni mtu atatwanga wapi.

Simmel, yule Mjerumani mtaalamu wa jamii, aliandika 1903 kwamba mtu wa mji mkubwa huufunga moyo kwa kuzidiwa na mambo. Le Corbusier nae, msanifu wa majengo, 1923 akasema nyumba ni mashine ya kuishi. Haya, mashine yetu haikuwa na pahala pa kinu.

Kibanda chetu cha Ng'ambo kilibomolewa, kilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, tukapewa fleti gorofa ya nne kwenye yale majengo ya Mzee Karume marefu kama treni, ya ile ramani ya mji ya 1968 waliyochora Wajerumani wa Mashariki. Bibi akapanda na kinu chake. Siku ya kwanza katwanga kisamvu jikoni, mchi wa tatu tu mtu wa chini anagonga dari kwa mpini wa fagio. Bibi akakunja kanga mara nne akaitia chini ya kinu, akatwanga pole pole, kisamvu hakilainiki na fagio halinyamazi. Mara hodi. Mama wa chini kasimama mlangoni, mtoto mgongoni. "Shikamoo bibi, niwie radhi, mwanangu ana homa, kila mchi ukishuka anashtuka."

Bibi hakujibu. Kachukua mchi, mie na kaka tukaburura kinu ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mchanga kati ya majengo. Kesho yake yule mama akashuka na majani yake ya muhogo, na mwezi haujesha pale chini pana vinu vitatu na stori mpaka magharibi.

Nilianza kuandika nikitaka kusema majumba yale yalituvunja, sasa sina uhakika, maana bila ya lile fagio yule mama tusingemjua. Lakini ule mchanga hakuna aliyeuchora kwa ajili ya vinu, ulibaki tu, na hizi fleti mpya zenye geti naona kila kipande kimeshapangiwa gari. Labda na huko watu wanapata pa kukaa, mie sijaishi.

Kwa hiyo nasema gorofa haimfanyi mtu mpweke, madhali chini yake pamebaki ardhi isiyo na kazi. Mjomba alimtaka bibi arudi shamba, akakataa, akamuuliza kule atatwanga na nani.