Maswali na Majibu: Cheti cha siku tatu na kazi ya kufundisha Kiingereza China

SWALI: Nimehitimu Shahada ya Sanaa na Elimu Chuo Kikuu cha Dodoma, somo langu la kufundishia ni Kiingereza. Ajira bado. Kuna wakala ameniahidi kwa laki nane cheti cha TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120, kozi ya mtandaoni ya siku tatu, pamoja na viza ya biashara ya China. Anasema nikifika nitaanza kufundisha watoto na viza itabadilishwa huko huko. Je, cheti hicho kinatosha au nitafute cha bei kubwa zaidi?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mwalimu mwenzangu, siku tatu zina saa 72, hata usipolala wala kula. Saa 48 zilizobaki wakala wako kazitoa wapi?

Swali hili hunijia kila baada ya mahafali, na kila anayeuliza anauliza bei. Hakuna anayeuliza kama katika kozi hiyo kuna mtu atakayekaa nyuma ya darasa amwangalie akifundisha. Bila hilo, hicho ni cheti cha kuhudhuria video. CELTA, ambayo ni cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, inataka angalau saa 120 za mafunzo pamoja na mkufunzi, na humo ndani mna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukipimwa. Saa hizo 6 ndizo zinazomtoa mtu jasho, na ndizo vishoka wasizoweza kukuuzia.

Nikuonyeshe kinachofanyika humo. Walimu wengi wanaotoka vyuoni kwetu wakimaliza kueleza huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" na somo linasonga mbele. Watoto wa Hangzhou, China, nao watakuitikia kwa adabu ile ile bila kuelewa chochote, na huko hutakuwa na Kiswahili cha kukuokoa. Mkufunzi anayejua kazi yake atakukataza swali hilo siku ya kwanza. Umeandika ubaoni "He used to live in Singida"? Basi uliza: zamani aliishi Singida? Alipita siku moja tu, au alikaa? Na sasa yuko huko? Atakayesema sasa bado yuko Singida, umeshajua hajaelewa, na umejua kabla hujafuta ubao. Kuuliza hivyo kwa maneno mepesi, huku watoto arobaini wanakutazama, hakupatikani kwa kubofya majibu kwenye simu. Wapo pia wanaouza kozi za lafudhi ya Kimarekani. Hao usiwape hata shilingi.

Wewe tayari una kitu kinachozidi cheti hicho: shahada ya ualimu na BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, uliyokwenda. Tafuta nafasi katika shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dodoma, hata kwa kujitolea, umwombe mwalimu mzoefu akukague na kukuandikia alichokiona. Miaka miwili ya namna hiyo ina uzito popote utakapoomba kazi.

Sasa viza, maana hapa umedanganywa waziwazi. Kazi China hufanywa kwa viza ya Z, na mwajiri ndiye anayeanza kuomba kibali kabla hujapanda ndege. Ukikamatwa unafundisha kwa viza ya biashara, sheria yao inaruhusu faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, mahabusu siku 5 hadi 15, kisha unaweza kufukuzwa nchini. Zaidi ya hapo, utaratibu wao unataka kimsingi mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya mama. Korea Kusini ndiyo kabisa: viza yao ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hakuna cheti cha laki nane kinachobadili pasipoti yako. Thailand huwapokea hata wasiozaliwa na Kiingereza, wakionyesha shahada na matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. Matokeo ya IELTS hukubaliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema mno.

Na hili nawaambia wote mnaokusanya nauli. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni. Mwambie akuonyeshe, kisha ukaulize ofisi ya kazi au TaESA, huduma ya ajira ya serikali, kama wanamtambua. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka wakala asimtoze mtafuta kazi. Anayemhitaji mwalimu ndiye alipe. Wazazi wanauza ng'ombe na mashamba ya zabibu kumlipa mtu ambaye hana hata ofisi! Usimwachie pasipoti wala vyeti halisi "avishughulikie". Dai mkataba wenye jina la shule, mji, mshahara na idadi ya vipindi, kisha uwasiliane na shule mwenyewe, usitumie namba aliyokupa yeye. Akikwambia jina la shule utalijua ukifika, chukua bahasha yako ya vyeti uondoke.