"Draconian" si "kali" tu

SWALI: Mwalimu, nafanya kazi katika shirika la afya hapa Goma. Kwenye ripoti ya Kiingereza niliandika kwamba kituo chetu kina hatua "draconian" za usafi, nikitaka kukisifu. Mkubwa wangu alilikata neno hilo, akasema nimekichafulia kituo jina. Mbona kwa Kifaransa tunalisema kila siku?

JIBU: Mama, mkubwa wako alifanya vizuri kulikata, ila naelewa ulikoteleza. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumelizoea "draconien" likiwa limepoa. Daktari akimkataza mgonjwa karibu kila chakula, tunasema "régime draconien" (mpango wa chakula wenye masharti makali), wala hakuna anayedhani daktari ametukanwa. Kwenye Kiingereza neno hilo bado lina damu.

Damu hiyo ni ya Draco, mtunga sheria wa Athene, yapata mwaka 621 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba kwake mwizi wa mboga na muuaji walipata adhabu moja, kifo. Demades, msemaji wa karne za baadaye, alisema sheria zile ziliandikwa kwa damu, si kwa wino. Mwaka 594 kabla ya Kristo, Solon, mtunga sheria mwingine wa Athene, alizifuta, akabakiza zile za mauaji tu. Na hizo, tumtendee Draco haki, zilimtofautisha aliyekusudia kuua na asiyekusudia.

Kwa hiyo anayeandika "draconian" ameshatoa hukumu: adhabu imelipita kosa. Ndiyo maana wapinzani wa sheria fulani hulitumia, lakini serikali iliyoitunga hailigusi. Huambatana na sheria, adhabu, hatua, hata kupunguza bajeti. Kwa mtu ni nadra. Mwalimu mkali ni "strict".

Unakumbuka 2019, Ebola ilipofika Goma? Ndoo za maji ya klorini kila mlango, kupimwa joto kila kizuizi. Hizo zilikuwa "strict", na zilikuwa na sababu. Masharti ya kuhifadhi chanjo kwenye baridi, yanayopimwa kwa digrii, yaite "stringent". Ndilo neno ambalo ripoti yako ilikuwa inalitafuta. Lakini mlinzi akimzuia mama mwenye mtoto mgonjwa nje usiku kucha kwa kukosa karatasi moja, hapo andika "draconian" bila woga. Na ukilirudisha kwa Kiswahili usiishie kwenye "kali". Sema "kali kupita kiasi", au bora zaidi, "isiyolingana na kosa".