Mnaoanza kushika kurasa za kampuni: fundisheni, msipige debe tu

Wadogo zangu mliokabidhiwa kurasa za kampuni mitandaoni, nawapenda, lakini mnanichosha. Mtu anauliza chini ya posti, mbele ya watu wote: "Hii ikitumika kila siku inadumu muda gani?" Swali zuri kabisa, na wengi wanalo ila wanaona haya kuliuliza. Nanyi mnajibu: "Karibu inboksi." Mwezi ukiisha mnalalamika kwamba ukurasa haukui, mnaomba bajeti ya matangazo. Sisi tuliowatangulia tulifanya ujinga huuhuu, ndiyo maana nashindwa kunyamaza.

1. Swali la hadharani lijibiwe hadharani. Inboksi ni ya namba za akaunti, risiti na mambo binafsi ya mteja. Mengine yabaki kwenye komenti, maana huko ndiko kufundisha kunakofanyika. Posti ni kengele tu ya kuita watu darasani. Anayeuliza ni mmoja, wanaosoma jibu kimyakimya ni wengi, na hao ndio watakaokumbuka nani aliwaeleza siku wakiwa na hela ya kununua. Hata bei. Hasa bei! Kama inategemea vitu vinne, vitajeni vyote vinne. Mteja anayejua kinachopandisha bei habishani kama anayehisi anafichwa.

2. "Tukifundisha, washindani watatuibia ujuzi." Sijawahi kukaa kwenye kikao cha mpango wa maudhui bila mtu kusema hivi, na kwa kawaida ni yule ambaye hajawahi kuandika posti. Kampuni ya John Deere, watengenezaji wa zana za kilimo, ilianza kuwatolea wakulima jarida la The Furrow mwaka 1895, na bado linatoka. Michelin, watengenezaji wa matairi, mwaka 1900 waliwagawia madereva kitabu cha bure chenye ramani, maelekezo ya kubadilisha tairi, mahali pa kupata fundi na pa kulala. Walianza kukiuza 1920. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: anayesafiri sana ndiye anayemaliza matairi. Nao Buffer, kampuni ya programu ya kupangia posti za mitandaoni, mwaka 2013 walianika mishahara ya wafanyakazi wao wote pamoja na fomula ya kuikokotoa. Halafu ninyi mnaogopa kueleza jinsi ya kusafisha kichujio. Mshindani wenu anajua kusafisha kichujio. Asiyejua ni mteja.

3. Mwandikieni asiyejua. Mwaka 1990, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwapa watu nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wagonge mapigo yake mezani ili wenzao wazitambue. Wagongaji walitabiri kwamba nusu zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani. Msikilizaji anasikia ngo, ngo, ngo. Posti zenu nyingi ni ngo, ngo, ngo. Mpeni rasimu mtu wa idara nyingine aisome kabla hamjaposti.

4. Msifundishe msichokikagua, na mkikosea msifiche. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa nashika ukurasa wa kampuni iliyowauzia wenye maduka programu ya kuweka kumbukumbu za mauzo. Nikajipa ualimu. Nikaandika somo refu la kupanga bei, lina michoro na mishale, nikatamka kama mtu aliyezaliwa na daftari la hesabu mkononi: ukitaka kubaki na faida ya asilimia 30 katika kila mauzo, ongeza asilimia 30 juu ya bei uliyonunulia. Sikuishia hapo. Nikasema punguzo lolote lisilofika 30 haliwezi kukutia hasara.

Mnaojua hesabu mmeshashika kichwa. Kitu ulichonunua kwa 100 ukikiuza 130, ile 30 ni kama asilimia 23 tu ya mauzo. Toa punguzo la asilimia 25 ukidhani unabakiwa na 5, utajikuta umeuza kwa 97.50; yaani umemlipa mteja akuondolee mzigo. Faida ya asilimia 30 ya mauzo inataka ugawe 100 kwa 0.7, uuze kwa karibu 143.

Posti ilisambaa kuliko chochote nilichokuwa nimewahi kuandika. Bosi akanisifu kwenye grupu la kazi. Katikati ya "asante mwalimu" nyingi, mtu mmoja akaandika kwa adabu kabisa kwamba nadhani umechanganya asilimia ya gharama na asilimia ya mauzo, akaweka na mfano. Nikasoma, nikarudia, nikaona yuko sahihi. Jasho likanitoka. Kisha nikaificha komenti yake.

Mnajua Facebook ilivyo: komenti ikifichwa, aliyeiandika bado anaiona, na marafiki zake wanaiona. Nikajiona mjanja, hatagundua. Sikufikiria kwamba angewaambia watu wasio marafiki zake huko waende wakaisome. Wakaenda, hawakuikuta, wakaanza kuuliza imekwenda wapi. Nami saa hiyohiyo nilikuwa nahariri posti kimyakimya, 30 ikawa 43, bila neno la maelezo, nikasahau kwamba historia ya mahariri iko palepale kwa yeyote anayebonyeza. Zikatoka picha mbili za skrini, kabla na baada, ubavu kwa ubavu. Maneno yaliyoandikwa juu yake siyarudii.

Kuchekwa kulipita. Kisichopita ni ujumbe wa mama mmoja mwenye duka, na wala hakuandika kwa hasira. Alifuata somo langu, akaweka ofa ya asilimia 25 wikendi nzima, wateja wakafurika, na alipofunga hesabu hela ya kununua mzigo mpya haikutosha. Aliniuliza ni wapi yeye alikosea kufuata maelekezo. Yeye! Alijitilia shaka mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mbele nikafundisha. Ile komenti ingemwokoa. Iliandikwa kabla ya wikendi yake, na aliyeiondoa machoni pake ni mimi.

Nilimwandikia ukweli, na sahihisho nikaliweka juu kabisa ya posti, wiki nzima imechelewa. Siku hizi sahihisho linakwenda juu saa ileile, kosa la zamani naliacha lisomeke, na aliyenisahihisha namshukuru kwa jina. Hakuna aliyewahi kutukimbia kwa hilo. Baadhi ya waliotusahihisha ndio wanaowajibu wageni kwenye komenti leo, kabla mimi sijaamka.

5. Madogo madogo. Jambo lenyewe liwe kabla ya "ona zaidi." Video iwe na maandishi, wengi wanatazama bila sauti. Ukichukua wazo la mtu, mtaje. Posti ya kufundisha isimalizikie na tangazo. Nembo iko pale juu, wameiona.

6. Mwalimu wa ukurasa si lazima awe mkurugenzi. Hili litawaletea ugomvi, jiandaeni. Mkurugenzi atataka sura yake na maneno kama "safari yetu ya mafanikio." Mkubalieni mara mojamoja, ana haki zake, na ndiye anayesaini mishahara. Lakini anayejua kwa nini mashine inaharibika ni fundi, na anayejua wateja wanakosea wapi ni dada wa huduma kwa wateja. Nilikuwa na fundi aliyekataa katakata kuandika, "mimi mambo ya kalamu hapana." Nikamwomba arekodi sauti, aeleze tu kama anamweleza mwanafunzi wake mzembe. Nikaandika alichosema, nikaacha hata yale "sasa sikia" yake, nikaweka jina lake. Maswali yaliyokuja chini ya posti ile hotuba za bosi hazijawahi kuyapata. Na yeye aliyekataa kalamu akawa anayajibu mwenyewe wakati wa chakula, kwa herufi kubwa tupu, akiwafokea watu wanaoruka hatua ya pili.

Bosi aliona. Alinuna kidogo, halafu akauliza kama na yeye anaweza kurekodi sauti. Nikamwambia anaweza, mradi aeleze kitu kimoja anachojua kukifanya kwa mikono yake. Bado anafikiria.