Kabla hujanunua bati, fungua milango ya gari

Mwezi huu maswali ya paking, yaani kivuli cha gari nyumbani, yamekuja mengi kuliko ya vyoo, na ya vyoo huwa hayaishi. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu mnachouliza wengine.

Shikamoo mzee. Nipo Goba, nimehamia mwaka jana, plasta ya nje bado sijamaliza ila gari inaniuma roho. Ni IST, inashinda juani, taa za mbele zimeanza kuwa njano na dashibodi ukiigusa saa 8 mchana unatoa mkono fasta. Fundi wa kwanza kasema nifunge neti, wa pili bati, wa tatu anataka kunijengea gereji ya tofali yenye mlango. Mwanao nimechanganyikiwa.

Marahaba mwanangu. Huyo wa tatu mwambie asubiri. Gereji ya tofali kwa joto la Dar ni oveni, halafu nikwambie ukweli, nimeziona nyingi mno, baada ya mwaka mmoja ndani kuna magunia ya mkaa, friji mbovu na kitanda cha mtoto aliyeshakua, gari ipo nje palepale.

Neti siyo mbaya, ni rahisi, inapunguza jua, upepo unapita. Ila mvua inapita nayo, na ikishachoka inaanza kuachia pembeni inapigapiga usiku kucha kama shuka kwenye kamba. Kama hela imekaba anza na neti, ila simamisha nguzo za kubeba bati kuanzia leo, ili siku ukijipanga unavua neti unapanda bati, hubomoi kitu. Bati lenyewe chukua geji 28 kama unaweza, 30 ni jembamba zaidi (namba ikipanda bati linapungua unene, wengi wanauziwa kinyume), na rangi chagua nyeupe au krimu, haivuti jua kama ile nyekundu nyekundu mnayoipenda. Yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga sitaki hata kuyasikia, sasa umejenga kivuli au umejenga dirisha?

Kabla hujanunua chochote, ipeleke gari pale unapotaka ilale, fungua milango yote minne na ule wa nyuma, halafu chukua majivu uchore chini kuizunguka. Ushuke kama unavyoshuka siku zote, na mama watoto naye ashuke na mtoto mkononi na mfuko wa sokoni. Hapo ndo utaona paking inataka ukubwa gani. IST ina upana wa kama mita 1.7, sasa fundi akisikia hivyo anakupigia mita 2.5 na anaona amekupendelea, matokeo yake kila siku unashuka kwa ubavu kama kaa. Weka mita 3 hadi 3.3 za upana, urefu mita 5.5 au 6, maana IST siyo gari yako ya mwisho, inshallah. Kwenda juu, upande wa chini wa bati usishuke chini ya mita 2.3, ukija kununua Noah ule mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na siku ya safari kuna mizigo kwenye keria.

Sasa nguzo, na hapa ndo nataka unisikilize. Watu wanahangaika na bati, rangi ya bati, mtindo wa bati, shimo la nguzo wanamwachia kijana achimbe anavyojisikia. Mimi paking yangu ya kwanza ilikuwa na mashimo ya futi moja, fundi akamwaga zege ndoo moja moja akasema mzee hii haiendi popote. Mwezi wa 5, kusi limeshika, nipo barazani na chai, nikasikia kama mtu anakohoa kwa nguvu, kugeuka bati lote limeinuka upande mmoja na nguzo mbili zinaning'inia zimebeba vidonge vyao vya zege, kama mihogo iliyong'olewa na shina lake. Likatua juu ya ukuta. Gari ilikuwa kazini, Mungu ni mwema.

Ndo maana nasema paking haina kuta, upepo ukiingia chini unasukuma bati kwenda juu, na ule unaopita juu nao unalivuta, kwa hiyo nguzo haizami, inang'olewa. Uzito wa zege ndo unaoishikilia. Chimba futi mbili na nusu mpaka tatu, shimo liwe pana chini kuliko juu, zege la moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto), na nondo ipite kwenye mguu wa nguzo ili isichomoke. Zege liache siku saba kabla hujapandisha paa, na ulimwagilie maji. Bati lifungwe kwa skrubu zenye mpira, misumari inalegea. Na shimo ulione kwa macho yako kabla halijajazwa, hata kama fundi ni shemeji yako.

Habari mzee, nipo Kigamboni, bahari naisikia usiku. Nilijenga paking ya chuma mwaka juzi, chini ya nguzo kutu imekula mpaka kidole kinaingia. Rangi nilipaka mara mbili.

Rangi ulipaka nje dada yangu, kutu ilikuwa ndani. Lile bomba la mraba kama juu halijazibwa maji yanaingia, yanashuka, yanakaa mguuni, na hewa yako ina chumvi, basi. Nguzo hizo kata sehemu iliyooza, chomelea mguu mpya, juu ziba kabisa. Zege liinue sentimita 10 juu ya ardhi, na juu yake liwe na mteremko kila upande ili maji yasisimame. Ukinunua mpya tafuta bomba lililopakwa zinki, ila pale fundi atakapochomelea zinki inaungua, hivyo pasugue upake rangi ya zinki siku hiyohiyo, usingoje wikiendi. Mirunda kwako itakuwa karamu ya mchwa, usijaribu mbao isiyotiwa dawa.

Nimepanga Tabata, mwenye nyumba kanikubalia kwa mdomo. Nijenge?

Kwa mdomo hapana. Andikishaneni karatasi, ukihama unaondoka nayo au inabaki na mnakatana kwenye kodi, mashahidi wawili. Halafu nguzo zako zisimame kwenye sahani za chuma zilizofungwa kwa bolti, siku ya kuondoka ni spana tu.

Mzee, jirani yangu Kimara kajenga paking imegusa ukuta wetu, mvua ikinyesha maji yote yanamwagika kwangu, ukuta umeanza kufanya ufa. Nikimwambia anacheka.

Mwite kwanza siku mvua inanyesha, asimame upande wako alowe. Akiendelea kucheka nenda kwa mjumbe, halafu serikali ya mtaa, halafu manispaa uulize kama ana kibali, wengi wanadhani paking siyo jengo.

Kwa wewe unayetaka kujenga usije ukafanya hayo, paa literemke kuja kwako, kwa upana wa mita 3 shusha sentimita 30, weka gata na tenki. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo bati la mita 3 kwa 6 mvua ya milimita 50, ambayo masika siyo ajabu, inakupa kama lita 900. Hayo maji deki, oshea gari, mwagilia migomba. Kunywa usinywe, kunguru wa mji huu unawajua wanachofanya juu ya bati.