Maswali na majibu: Kuwasimulia watoto hadithi zako mwenyewe

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinagusa jambo moja. Mzazi au mlezi anatamani kumsimulia mtoto hadithi yake mwenyewe, ya kubuni au ya maisha aliyopitia, ila kuna kitu kinamkwamisha. Nimechagua zile zinazowahusu wengi.

Sina kipaji cha kutunga. Mwanangu wa miaka 4 akisema "nisimulie, lakini siyo ya kwenye kitabu", kichwa kinakuwa kitupu. Nianzie wapi?

Anzia kwake. Muulize, "Leo tusimulie habari za nani?" Atakutajia chochote: paka, kijiko, soksi. Ukishapata mhusika, yanabaki mambo mawili tu ya kuamua: anataka nini, na nini kinamzuia.

Tuseme ametaja soksi. Soksi ya kushoto haitaki kufuliwa kwa sababu maji ni ya baridi. Siku ya kufua ikafika, ikajificha nyuma ya mlango. Soksi ya kulia ikaita, "Mwenzangu, uko wapi?" Kimya. Ikaita tena. Hapo na wewe nyamaza, mtazame mtoto, umuulize, "Unadhani ilijibu nini?" Hatakosa la kusema, na lolote atakalosema litumie vilevile lilivyo. Akikwambia ilijibu "Mimi siyo soksi, mimi ni panya", basi sasa mna panya wa bandia nyuma ya mlango, na paka amesikia. Soksi mbili zikikutana tena, hadithi imeisha. Dakika 5 zinatosha kabisa.

Mwaka 1941, nchini Sweden, msichana mmoja aitwaye Karin alikuwa mgonjwa kitandani. Akamwomba mama yake, Astrid Lindgren, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni papo hapo. Lindgren alieleza baadaye kwamba hakumuuliza huyo ni nani. Alianza kusimulia tu, na kwa kuwa jina lilikuwa la ajabu, msichana wa kwenye hadithi naye akawa wa ajabu. Kitabu cha Pippi kilitoka mwaka 1945, lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo ilikuwa hadithi ya nyumbani, ikisimuliwa kwa Karin na rafiki zake. Mtoto alitoa jina, mama akatoa yaliyobaki. Kazi hiyo mnaweza kugawana hata nyinyi.

Binti yangu anataka hadithi ileile kila usiku. Nikibadilisha neno moja ananisahihisha. Nimechoka!

Pole, lakini hiyo ni dalili kwamba umesimulia vizuri. Watoto wadogo hujifunza maneno na mpangilio wa matukio kwa kurudiarudia, na kujua kinachofuata huwapa utulivu, hasa wakati wa kulala. Ukichoka, mwambie leo asimulie yeye na wewe umsahihishe. Atafurahi kupita kiasi.

Utoto wangu ulikuwa mgumu: njaa, ugomvi nyumbani, kuhamahama. Mwanangu wa miaka 9 ameanza kuuliza nilikuaje. Nimweleze au ninyamaze?

Ndugu yangu, hili nimelifikiria kuliko maswali mengine yote. Nakushauri umweleze, ila kwa kipimo.

Miaka ya 2000 mwanzoni, Marshall Duke na Robyn Fivush, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao. Je, unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua jina lako lilitoka wapi? Unajua wazazi wako waliugua au kuumia nini walipokuwa wadogo? Watoto waliojua mengi walielekea kujiamini zaidi na kuhisi kwamba wana uwezo fulani juu ya maisha yao. Ona kwamba magonjwa na majeraha yalikuwemo kwenye maswali hayo. Na Duke mwenyewe ametahadharisha kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakutamsaidia. Kinachojenga ni yale mazungumzo ya muda mrefu ambayo habari hizo hupitia.

Duke pia amesema familia husimulia historia yao kwa namna tatu. Wapo wanaosema tulianza chini tukapanda. Wapo wanaosema tulikuwa juu tukaporomoka. Na wapo wanaosema tumepanda, tumeshuka, na bado tuko pamoja. Hii ya tatu ndiyo anayoiona kuwa na nguvu zaidi kwa mtoto, na nadhani ndiyo iliyo karibu na ukweli wako.

Sasa kipimo. Chagua tukio ambalo unaweza kulisimulia bila sauti kukatika. Yale yanayokuumiza mpaka leo yatafutie mtu mzima wa kukusikiliza kwanza. Mtoto asigeuzwe mfariji wako. Simulia kitu kimoja kidogo kinachoonekana, kama vile begi ulilolifunga upesi mlipohama na kitu ulichokisahau. Mtaje mtu aliyekusaidia, hata kama ni jirani aliyekuita ukae kwake jioni moja. Kisha mwachie nafasi ya kuuliza. Akiuliza jambo ambalo hujawa tayari kulisema, mwambie, "Hilo nitakusimulia ukiwa mkubwa zaidi," na siku ikifika mtimizie. Usimpakie mtoto chuki dhidi ya ndugu ambao bado anaishi nao.

Mume wangu anasema hadithi isiyo na funzo ni kupoteza muda. Mimi nahisi mafunzo yanawachosha watoto. Nani yuko sahihi?

Niko upande wako, dada. Mtoto aliyekaa akifuatilia hadithi halafu mwishoni akaambiwa "kwa hiyo na wewe uwe unasikiliza wazazi" anajua amevutwa kwenye mtego, na mara ya pili atasikiliza nusunusu akisubiri mahubiri. Funzo likiwa ndani ya matukio atalipata mwenyewe, pengine wiki nzima baadaye, pengine tofauti na ulilokusudia.

Badala ya funzo, maliza kwa swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake: "Unadhani kwa nini fisi alirudi?" Utafiti wa Fivush, niliyemtaja hapo juu, na mwanasaikolojia mwenzake Elaine Reese kuhusu wazazi wanavyozungumza na watoto wadogo juu ya mambo yaliyopita umeonyesha kwamba mzazi anayeuliza maswali yasiyo ya ndiyo au hapana, akaongezea undani kwenye anachosema mtoto, humsaidia mtoto kuja kusimulia habari zake mwenyewe kwa ukamilifu zaidi. Mwambie mumeo hayo ni manufaa makubwa kwa jioni moja. Naye akitaka kusimulia hadithi zake zenye funzo, asimulie. Watoto wana haki ya kusikia sauti zote mbili.

Mjukuu wangu yuko mbali. Nikianza kumsimulia kwa simu ya video, anakimbia.

Shikamoo, bibi. Achana na picha, mtumie sauti. Rekodi kipande cha dakika 2 au 3, ukate pale mlango unapogongwa na hatujui ni nani. Kesho yake umtumie kinachofuata. Atasikiliza akiwa anachezea vitu vyake, na hivyo ndivyo watoto wengi wanavyosikiliza vizuri. Na waombe wazazi wake wazihifadhi hizo sauti.

Nilimwambia mwanangu kuna mzee anayeishi mwezini. Sasa ameamini. Je, nimemdanganya?

Hapana, mradi akikuuliza kwa dhati, "Ni kweli kweli?", umjibu ukweli: "Ni hadithi, tumeitunga." Mpe pia alama ya kuingia na kutoka. Paukwa, pakawa, inatosha. Akiisikia atajua tumeingia kwenye hadithi.

Wangu ana miaka 13. Nikisema "nikusimulie kitu" anainua macho juu. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila usitangaze. Kijana wa umri huo hutulia zaidi mkiwa mnafanya kitu bega kwa bega, mnaosha vyombo au mnatembea, kuliko mkikaa mkitazamana. Tupia sentensi moja: "Nilipokuwa na umri wako niliwahi kufukuzwa darasani." Kisha endelea kuosha. Akiuliza kwa nini, mweleze, pamoja na ile sehemu inayokuaibisha, na usiimalizie kwa kulinganisha na tabia zake. Asipouliza, acha ipite. Siku nyingine tupia nyingine. Za ulivyoogopa, ulivyokataliwa, ulivyochagua vibaya rafiki, ndizo atakazozirudia kichwani, hata kama usoni haonyeshi.