Siki humnyoa ndago, haimuui

Uani kwetu Wete kuna njia ya mawe kutoka jikoni hadi kisimani, na kila masika ndago humea kwenye nyufa kama zimepandwa. Nikasikia siki inaua magugu. Nikanunua chupa mbili, ile nyeupe ya kachumbari, nikapuliza saa nne asubuhi jua limeshawaka. Adhuhuri majani yamesinyaa, rangi ya chai. Nikajisifu mno.

Siku ya kumi zikachomoza tena, mbichi kabisa. Mama mkwe akachukua kisu, akafukua moja na kunionesha: viazi vidogo vyeusi vimeungana kwa uzi kama tasbihi.

"Mwanangu, umemnyoa tu."

Ndivyo siki ilivyo. Asidi yake hukausha jani linaloguswa, haishuki mizizini. Ya dukani ina asidi kama asilimia 5, inatosha kwa miche michanga ya majani mapana, yenye majani mawili matatu. Kwa miche hiyo naitumia mpaka leo.

Lakini usiseme kwa kuwa inaliwa basi haina madhara. Siku moja nilipuliza nimeelekea upepo, ikanirudia usoni. Jicho lilinichoma hadi magharibi, pamoja na kuliosha kwa maji mengi, na hiyo ni siki ya kachumbari! Zipo siki za bustani za asilimia 20 na zaidi, hizo huunguza ngozi na zinaweza kupofua. Ukiletewa, vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Kuichanganya na jiki ati ipate nguvu, hasha: hutoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Wengine hutia chumvi. Chumvi inabaki udongoni, na mchicha wako utakuja kuilipia.

Lililoniuma zaidi ni ukuta. Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na siki ikidondokea chokaa hutoa povu, maana asidi inaila. Niligundua nimeshapuliza msingi mzima wa upande wa jikoni, naangalia viputo vinapanda taratibu kama soda. Nikamwaga ndoo tatu za maji. Tangu hapo, karibu na ukuta na baraza nang'oa kwa mkono.

Ndago nazifukua kwa kisu kikuukuu, kesho yake baada ya mvua, udongo ungali laini, nafuata uzi kiazi kwa kiazi. Ukikatika, narudi wiki ya pili.