Kutoka jani hadi kidonge: maswali yenu

Tunasikia maabara zimeona mwarobaini unaua bakteria. Mbona hospitalini hatupewi?

Kuua bakteria kwenye kisahani ni mwanzo tu. Hata siki inawaua. Kazi ni kujua kama kiini cha mmea kinachowaua, kikishapita tumboni na kwenye ini, kitafika penye ugonjwa kikiwa na nguvu, bila kuumiza figo za mgonjwa. Mimea mingi hukwamia hapo.

Nalima artemisia. Dawa mseto ya malaria inatokana nayo, sasa chai yake ina ubaya gani?

Hili naulizwa sana. Mwaka 1971, Beijing, mwanasayansi Tu Youyou alihangaika na mmea huu: mara unaponya panya, mara hauponyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza majani yalowekwe kisha yakamuliwe. Hakutaja kuchemsha! Tu akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 35 tu, na vimelea vya panya vikaisha. Mwaka 2015 akapewa Nobeli.

Chai yako inapitia moto, artemisinini, yaani kiini chenye dawa, haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake hubadilika kwa mbegu, msimu na ukaushaji. Unakunywa dozi usiyoijua. Homa ikishuka, vimelea vinavyosalia ndivyo vinavyoistahimili dawa, na usugu wa namna hiyo umeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo. Tafadhali, mtoto mwenye malaria usimpe.

Kwa nini antibayotiki nyingi hazitoki kwenye mimea?

Nyingi zimetokana na ukungu na bakteria wa udongo. Mmea hujilinda kwa viini vinavyosaidiana. Ukitenga kimoja, nguvu hupungua. Berberini, kwa mfano, ni kiini cha mmea ambacho bakteria hukitema nje kwa pampu zao, lakini baadhi ya mimea yenye berberini ina pia kiini kinachoziba pampu hizo. Matumaini yangu yako hapo: viini vya kuzisaidia antibayotiki zilizoanza kushindwa.

Babu aliniachia mti wa kutibu vidonda. Niupeleke wapi?

Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili. Beba tawi lenye maua au matunda, lililokaushwa ndani ya gazeti. Andika ulipolikata, sehemu inayotumika, na namna babu alivyoiandaa, hata kama unaona ni jambo dogo: kuloweka badala ya kuchemsha ndiko kulikotupa artemisinini. Ila kabla hujaeleza lolote, dai mkataba wa maandishi. Maarifa hayo ni mali ya ukoo wenu.